Kwenda Usambara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila likizo ya Desemba ikikaribia, simu yangu hujaa maswali. Barabara ikoje? Baridi ni kali kiasi gani? Tulale wapi? Wengi wanaouliza ni ndugu wa Dar es Salaam, Arusha na Mombasa ambao wameshapita Mombo mara ishirini ndani ya basi, wakautazama ule ukuta wa milima dirishani, na hawajawahi hata siku moja kuupanda. Mimi nimezaliwa Soni, na shamba la mama yangu bado liko huko. Haya ndiyo maswali yanayojirudia, pamoja na majibu ninayowapa watu wangu mwenyewe.

Usambara ni wapi hasa?

Ni safu mbili za milima mkoani Tanga, na kati yake limepita bonde la mto Lwengera. Usambara Magharibi ndiyo kubwa na ndefu zaidi: huko ndiko Lushoto, Soni, Bumbuli, Mlalo na Mtae. Mji wa Lushoto uko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, na vilele vya juu vinapita mita 2,200. Usambara Mashariki ni fupi zaidi, iko karibu na bahari na hupata mvua nyingi. Huko utaikuta hifadhi ya msitu ya Amani, na njia yake inaanzia Muheza.

Watu wengi hudhani wakishafika Lushoto wanaweza "kuvuka" hadi Amani jioni. Haiwezekani. Lazima ushuke mpaka tambarare, uzunguke Korogwe na Muheza, kisha upande upya. Zihesabu kama safari mbili.

Wenyeji wana namna yao ya kuigawa dunia. Huku juu penye ubaridi, migomba na mvua ni *shambaai*. Kule chini penye joto na vumbi ni *nyika*. Mzee wa kijijini akikwambia kijana wake "kateremka nyika", usidhani kaenda porini. Huenda anauza dukani Mombo.

Nafikaje Lushoto?

Njia ya kawaida ni barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha, hadi Mombo. Kutoka Dar kuna mabasi yanayokwenda moja kwa moja mpaka Lushoto. Jiandae kukaa garini saa saba au nane. Ukitoka Arusha au Moshi, panda basi lolote la Dar au Tanga, ushuke Mombo, halafu utafute kosta au Noah za kupanda mlimani. Kwa anayetoka Mombasa, rahisi zaidi ni kuvuka mpaka Horohoro, kulala Tanga, na kupanda kesho yake.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za lami, lakini usizipige hesabu ya barabara kuu. Njia hiyo ilichongwa ubavuni mwa korongo enzi za Wajerumani, na kona zake hazihesabiki. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili unasikia maji yakianguka chini huyaoni. Anayechefuka akae mbele, asile chips za Mombo, na afungue dirisha. Baada ya robo saa hewa yenyewe hubadilika. Mimi huijua Soni kwa pua kabla sijaiona kwa macho: jasho linakauka shingoni, na upepo unaleta harufu ya mikaratusi na moshi wa kuni.

Kama unaendesha mwenyewe, panda mchana. Weka gia ndogo wakati wa kushuka, usitegemee breki peke yake, na piga honi kwenye kona zilizofichika. Malori ya mboga hushuka usiku na alfajiri yakiwa yamejaa hadi juu, na dereva wake anaijua kila kona kuliko wewe.

Ni miezi ipi iliyo mizuri?

Juni hadi Oktoba njia ni kavu na kutembea ni raha, ila Juni, Julai na Agosti ndiyo baridi yenyewe, na ukungu unaweza kukaa kutwa. Masika, yaani Machi hadi Mei, milima inapendeza kuliko wakati wowote na kutembea ni shida kuliko wakati wowote: udongo mwekundu unateleza kama sabuni, na barabara za ndani hukatika kwa maporomoko. Vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, si kila siku.

Ukiniuliza mimi, nenda mwishoni mwa Desemba au Januari. Matunda ya baridi yameiva, mapichesi na plamsi zimejaa kwenye ndoo kandokando ya barabara, na watu wa milimani waliotawanyika mijini wamerudi nyumbani kwao. Vijiji vinakuwa na kelele za furaha. Kwa sababu hiyo hiyo, nafasi kwenye mabasi na nyumba za wageni hugombewa, weka mapema.

Baridi ni ya kweli, au mnatutisha?

Ni ya kweli. Beba sweta nzito, soksi na kofia ya kichwa kwa ajili ya usiku. Uliza kama chumba kina blanketi mbili na maji ya moto kabla hujalipa.

Wasambaa ni akina nani? Nimesikia habari za mfalme mwindaji.

Wasambaa ndio wengi katika Usambara Magharibi, na lugha yao ni Kisambaa. Hawako peke yao. Wambugu wanaishi nao kwenye maeneo ya juu, na lugha yao ya Kima'a imewashangaza wataalamu kwa miaka mingi, kwa sababu sarufi yake ni ya Kibantu huku maneno yake mengi ya msingi yakiwa na asili ya Kikushi. Wapo pia Wapare upande wa magharibi, na chini kuna Wazigua na Wabondei, ambao ni watani wetu. Ukisikia Msambaa na Mzigua wanatupiana maneno makali stendi huku wanacheka, usiamulie ugomvi. Ndio undugu wenyewe huo.

Huyo mwindaji ni Mbegha. Wazee husimulia kwamba alitoka Nguu, kusini-magharibi mwa milima hii, katika karne ya 18. Alipokuwa mtoto meno yake ya juu yalitangulia kuota, na mtoto wa namna hiyo, kigego, alidhaniwa kuleta mikosi. Baadaye nduguze walimnyima urithi na kumfukuza, naye akaishi porini na mbwa wake akiwinda nguruwe mwitu. Nguruwe hao walikuwa wanawamalizia watu mazao. Kwa hiyo alipopanda Usambara hakuja na jeshi. Alikuja na nyama. Aliwapa wenyeji nyama, nao wakampa vyakula vya shambani, akaamua kesi zao, na mwishowe wakamtawaza huko Vugha, palipokuwa makao ya wafalme. Inasemwa usiku alioingia huko alimuua simba, na ndiyo maana wafalme wa ukoo wake, Wakilindi, waliitwa Simba Mwene.

Mjukuu maarufu wa ukoo huo ni Kimweri ye Nyumbai, ambaye dola yake ilitoka milimani hadi ikagusa pwani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika kwake Vugha mwaka 1848 na tena 1852. Kimweri alifariki mwaka 1862, na baada yake wana na wajukuu waligombana kwa miaka mingi, vijiji vikachomwa, watu wakauzwa utumwani.

Kuna maneno mawili ya Kisambaa ambayo ningependa kila mgeni ayabebe. *Kuzifya shi* ni kuiponya nchi: mvua inakuja kwa wakati, chakula kinatosha, watu wanapatana. *Kubana shi* ni kuiharibu. Mfalme alipimwa kwa hayo mawili. Mmoja mwenye nguvu asiye na mshindani aliweza kuileta mvua. Nguvu zikigongana na nguvu, njaa inaingia. Hata leo, mkutano wa kijiji ukizozana juu ya chanzo cha maji, utamsikia mzee akirudi kwenye wazo hilo hilo kwa maneno mengine.

Kuna namna maalumu ya kusalimia?

Kiswahili kinatosha popote. Lakini jaribu "onga maundo" asubuhi na "onga mshi" mchana, kisha tazama uso wa mtu unavyofunguka. Jibu ni "niwedi", na asante ni "hongea". Mwanamume usishangae ukiitwa "mgoshi". Maana yake ni mwanamume tu, na limekuwa jina la mapenzi la watu wa huku. Wazee waamkie shikamoo, kama kwingine kokote.

Muhimu kuliko maneno ni muda. Huku salamu haitupwi ukiwa unatembea. Unasimama. Mara ya mwisho nilipokuwa njiani kuelekea Vugha tulikutana na mama mmoja kwenye kijinjia chembamba, kichwani kabeba mzigo wa majani ya ng'ombe mpana kuliko njia yenyewe, uso hauonekani, miguu peku kwenye tope. Mgeni wangu, kwa kudhani anamsaidia, akajibana pembeni ili apite haraka. Mama akasimama. Akauliza habari za tulikotoka, za nyumbani, za mvua, za mama yangu aliyemfahamu kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mzigo wote ule bado uko kichwani, maji ya umande yanamchuruzika shingoni. Alipomaliza ndipo akapita. Tungempita bila kusimama, habari zetu zingefika kijijini kabla yetu, na zisingekuwa nzuri.

Je, nahitaji mwongoza njia?

Kwenda Irente, ule ukingo wa mwamba wa kutazamia nyika, kutoka Lushoto mjini, hapana. Barabara inajulikana, na ukipotea mtoto yeyote atakuelekeza. Kwa msituni na kwa safari za siku mbili au zaidi, ndiyo, na lipa bila kinyongo. Vijia vya huku vinapita uani kwa watu, vinaingia kwenye migomba, vinagawanyika mara tano, na ramani ya simu haivijui hata kimoja. Tena mwongozaji mzuri anakufungulia milango: atajua nyumba ipi ina msiba leo, mfinyanzi gani anapokea wageni, na kwa nini msitu ule mdogo juu ya kilima haukatwi.

Mchukue kupitia ofisi ya waongoza watalii au nyumba unayolala, mkubaliane bei kwa maandishi, na ujue inabeba nini: chakula, kulala, kiingilio cha msitu, nauli ya kurudi. Nasema hivi kwa kuumia. Miaka kadhaa nyuma nilimpeleka rafiki yangu kutoka Dodoma, na kwa haraka zangu nikamkabidhi kwa kijana aliyetufuata stendi akiwa na kitambulisho shingoni. Alichukua nusu ya hela "ya kuandalia chakula", akasema tukutane kesho saa moja. Tulisubiri hadi saa nne. Kilichoniuma si fedha. Ni kwamba rafiki yangu hakurudi tena milimani kwetu, na kwake Usambara imebaki kuwa yule kijana.

Kiingilio cha hifadhi za misitu kama Magamba na Amani kinakusanywa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Anayetaka umpe noti mkononi bila stakabadhi, mkatalie kwa upole. Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti, kwa sababu raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiasi tofauti na wageni wa mbali.

Nione nini?

Kila mtu atakutajia Irente kwanza, na hakosei. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa miguu kutoka Lushoto mjini, unapita mashamba, halafu ghafla ardhi inaisha. Chini yako, karibu mita elfu moja, ni nyika ya Mazinde na Mombo, mashamba ya mkonge yamepangwa kama mistari ya daftari, barabara kuu ni uzi, na basi ni mdudu. Nenda alasiri, ukae hadi jua lizame, na uwe na tochi ya kurudia. Kingo za mwamba hazina uzio. Mtoto ashikwe mkono, na hiyo picha ya kukaa miguu inaning'inia, achana nayo.

Njiani kuna shamba la Irente la Kanisa la Kilutheri ambako unapata jibini, mkate na jamu zinazotengenezwa hapo hapo.

Msitu wa Magamba, juu ya Lushoto, ndio ninaoupenda mimi. Ukiingia tu, joto linashuka, sauti zako mwenyewe zinakuwa ndogo. Kuna mikulo mikubwa, ile miti ya kafuri ambayo jina lake la kisayansi limebeba jina la Usambara, na juu yake utawaona mbega weupe kwa weusi wakirusha mikia. Ndege wenye jina la milima hii nao wapo, kama kwera wa Usambara, lakini hao wanataka uvumilivu na macho ya aliyezoea.

Mtae uko mwisho kabisa wa safu, kilomita zipatazo 60 kutoka Lushoto, kijiji kimepanda juu ya mgongo wa mlima kama mtu aliyepanda ng'ombe. Ukisimama njiani unaona bonde kulia na bonde kushoto. Upande mmoja ni tambarare ya Mkomazi, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2008, na ng'ambo yake ni Kenya. Asubuhi isiyo na wingu Kilimanjaro inajitokeza. Basi la kutoka kule huondoka usiku wa manane kuelekea alfajiri na kurudi mchana, kwa hiyo ukienda, unalala.

Soni ina maporomoko ya maji kandokando ya barabara. Simama dakika kumi. Mlalo ni mji mdogo wenye nyumba za udongo za ghorofa, zenye roshani za mbao, na misheni iliyoanzishwa na Walutheri wa Kijerumani mwaka 1891. Nyumba zile zinapungua kila mwaka kwa sababu tofali za kuchoma na bati zimeshinda. Ziwahi.

Kuna njia ya kutembea kwa siku kadhaa?

Ipo, na kwangu ndiyo sababu kubwa ya kuja. Kutoka Lushoto unapita msitu wa Magamba, unaelekea Lukozi na Rangwi, unamalizia Mambo na Mtae. Wengi huitembea kwa siku tatu au nne, wakilala kwenye nyumba za wageni vijijini na kwa masista wa Rangwi, ambao ukarimu wao na jamu yao ya matunda nimezikumbuka kwa miaka. Hakuna siku ya kupanda mlima wa kutisha. Ni kushuka bondeni na kupanda ng'ambo, kushuka tena, kupanda tena. Magoti ndiyo yanayolalamika, si mapafu.

Ukiwa njiani utapita kwenye mashamba, siyo kando yake. Kila kipande kina mwenyewe, hata kile kilicholala kwenye mteremko ambao mbuzi angeuogopa. Usikanyage matuta wala kingo zilizopandwa majani. Kingo hizo zinashikilia udongo usiende Mombo. Habari ya matuta ina uchungu wake: mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo Mlalo, ikawalazimisha watu kulima matuta kwa amri na faini, na wakulima wakaupinga kwa zaidi ya miaka kumi hadi ukaachwa. Hawakukataa kutunza ardhi. Walikataa kufanyishwa kazi za shuruba kwenye ardhi yao, na walihofu kwamba hatua inayofuata ni kuporwa. Kwa hiyo mtu akikuona unapima shamba lake kwa macho na kuandika kwenye daftari, mweleze unachoandika.

Nina siku mbili tu. Nifanyeje?

Fika Lushoto mapema, alasiri nenda Irente. Siku ya pili ingia Magamba na mwongozaji hadi mchana, jioni zunguka sokoni. Usijaribu Mtae, utaiona barabara tu.

Na Amani je?

Amani ni safari ya wapenda miti na viumbe. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti na bustani ya mimea pale mwaka 1902, wakaleta miti kutoka pande zote za dunia kuijaribu, na mingi bado imesimama, mikubwa, na vibao vyake vya majina. Hifadhi ya mazingira asilia ilitangazwa mwaka 1997. Unaingilia Zigi, unapanda msituni, halafu mashamba ya chai ya Kwamkoro yanafunguka mbele yako kama zulia. Mto Zigi unaotoka humo ndio unaoinywesha Tanga mjini, kwa hiyo kila mti unaosimama Amani una mtu wake mtaa wa Ngamiani anayefungua bomba.

Kuna ua moja dogo lililotoka milima hii na kuenea duniani. Ni la rangi ya urujuani, linaota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, majani yake yana manyoya laini. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake mbegu zake mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1893 likapewa jina Saintpaulia. Leo liko madirishani Ulaya na Marekani, mamilioni kwa mamilioni, huku vikundi vichache vya porini vikibaki kwenye miamba yetu. Likutane nawe hapo hapo lilipo. Usilichume, usilichimbe, usinunue kwa mtoto anayekuuzia.

Usiku mmoja pale Amani omba utembezwe kwa tochi. Kinyonga akilala hupauka, na kwenye mwanga anang'aa kama jani lililopakwa chokaa. Nilimwona wa kwanza nikiwa mtu mzima, mimi niliyekua nikikimbia kila nimwonapo kinyonga, maana kwetu anaogopwa kuliko nyoka. Alikuwa amefunga mkia wake mzunguko mmoja, miwili, mitatu kwenye kijiti chembamba kama njiti ya kiberiti, pembe tatu usoni, na vidole vyake vimekishika kijiti hicho kama mtoto anavyoshika kanga ya mama yake. Jicho moja likafunguka nusu, likatutazama, likafungwa. Wanasayansi walipotafuta jina la jenasi ya kundi moja la kinyonga wa milima yetu, waliliita *Kinyongia*. Kiswahili chetu kikabaki huko milele.

Tutakula nini?

Ugali, makande, ndizi, maharage, njegere, viazi na mboga ambazo zilikuwa shambani asubuhi. Kuku wa kienyeji agiza saa mbili kabla. Maparachichi ni makubwa na bei yake ni ya kuonea huruma mkulima, hivyo usipunguze. Tangawizi kwenye chai ni ya kutosha kukuondolea baridi. Vijijini hakuna hoteli ya kungojea mteja. Mwambie mwenyeji wako jana yake.

Mavazi na dini vikoje?

Milimani kuna Waislamu na Wakristo, mara nyingi ndani ya familia moja. Msikiti na kanisa hutazamana. Vaa nguo zinazofunika mabega na magoti, na wanawake wabebe kanga, maana kanga huku ni shuka, taulo, mkeka na adabu. Kama ni Ramadhani, usile njiani mchana ukiwa unatazamwa na watu waliofunga.

Naruhusiwa kupiga picha? Na watoto wakiniomba pipi?

Mandhari piga utakavyo. Mtu, omba. Akikataa, shukuru na uendelee. Wala usimpe hela ili abadili mawazo. Ndege ya kamera inataka kibali cha mamlaka, na vijijini inatisha mifugo na kuzua maneno.

Watoto wanaoomba pipi wamefundishwa na wageni waliotutangulia. Usigawe njiani. Kama moyo unakusukuma, nenda shuleni, mwone mwalimu mkuu, uulize wanakosa nini. Mara nyingi ni chaki au matundu ya choo, siyo pipi.

Hela na mtandao?

Lushoto kuna benki na mashine za kutolea fedha. Vijijini utategemea mawakala wa pesa za simu, na wakati mwingine wakala hana salio. Panda na noti ndogondogo. Mtandao upo kwenye migongo ya milima na hupotea mabondeni.

Nina wazazi wazee na mtoto mdogo. Wataweza?

Lushoto na Irente, bila shaka, gari linafika. Safari ya siku nyingi, hapana. Mbu ni wachache huko juu kuliko pwani, lakini njiani utapita Mombo au Muheza, na Amani haiko juu sana, hivyo chandarua kitumike. Dawa za kawaida beba mwenyewe. Kuna hospitali ya wilaya Lushoto na hospitali ya Kilutheri Bumbuli.

Ninunue nini, na nipate wapi?

Uliza siku ya gulio la mahali ulipo, uende asubuhi. La Lukozi ni la kuona kwa macho: karoti zimeoshwa zikawa nyekundu kabisa, kabichi zimejengwa kama ukuta, na magunia ya viazi yameshonewa kilemba juu, ile lumbesa ambayo sheria imeikataza na wakulima wanaililia kila msimu. Gunia linalipwa kama gunia moja na limebeba karibu moja na nusu. Nimemwona baba mmoja akikishindilia kile kilemba kwa goti huku dalali amesimama na kalamu, na hakuna aliyesema neno. Wewe mgeni unaweza kufanya jambo moja dogo: nunua moja kwa moja kwa mkulima, kwa kilo, kwa bei anayotaja. Chukua matunda, asali, jibini, chai ya milimani, na vyungu vya akina mama wafinyanzi kama una jinsi ya kuvifunga visivunjike.

Na mvua ikinikuta huko?

Itakukuta. Beba koti la mvua, viatu vyenye meno, na mfuko mgumu usiopitisha maji wa simu na vitambulisho. Ikianza ukiwa njiani, piga hodi nyumba ya karibu. Utakaribishwa jikoni, utapewa kigoda karibu na moto. Usianze kulalamika kwamba imekuharibia siku. Mwenyeji wako atakuwa anatazama nje kupitia mlango, anasikiliza maji yakijaa kwenye pipa, na pengine atakwambia, kwa furaha asiyoificha, kwamba maharage ya juu kule sasa yatatoka.